Kizunguzungu Kilichouza Lori Langu

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Nimesema hivyo miaka mingi, na wanaonijua hawabishi, kwa sababu wanajua nilikotoka. Nilishuka vilima vya Mbooni miguu mitupu, miaka ya sitini, na elimu yangu ni darasa la tatu. Wenzangu walibaki shuleni wakikariri mito ya Ulaya. Mimi nikaenda soko la mbuzi la Ikutha na pesa ya mbuzi mmoja. Miaka ya themanini ilipofika nilikuwa na nyumba ya mawe, lori, ng'ombe, na watoto katika shule za bweni. Wale wa mito ya Ulaya walikuwa wananiomba lifti.

Mbuzi sikuwapima kwa mizani. Mizani ni ya watu wasio na vidole. Unainama, unapitisha mkono kiunoni, unabana nyama iliyo kando ya uti wa mgongo, unamwinua kidogo kwa mbele, na kilo zake umeshazijua. Na hao mbuzi wengi sikuwalipia papo hapo. Ikutha tulikuwa na mtindo wetu: mwenye mbuzi anakupa mnyama leo, unapakia, unaenda kuuza, pesa unaleta soko linalofuata. Hakuna karatasi wala shahidi. Dhamana ni wewe mwenyewe, vile unavyoonekana umesimama pale. Biashara yangu yote ilikaa juu ya mtindo huo, na hakuna aliyepewa mbuzi wengi kuliko mimi.

Basi soko moja, katikati ya miaka ya tisini, nikainama kwa beberu mwekundu, na ardhi ikainuka upande wa kulia. Sisemi nilijisikia vibaya. Nasema soko lote lilizunguka, na watu, na miti, na lori. Nikashika pembe za beberu, naye akakataa kunisaidia, tukaenda chini sisi wawili. Kabla sijamaliza kumtukana, kila kitu kikatulia. Nikasimama nikapangusa mavi ya mbuzi kwenye koti.

Kulikuwa na mnunuzi mmoja kutoka Zombe, mtu wa tumbo, shemasi kanisani kwake, ambaye maisha yake yote alikuwa akinunua mbuzi niliowakataa mimi. Akasema kwa sauti ya mimbari, "Wazee, huyu angekuwa mbuzi, si tungekuwa tumeshachinja?"

Soko likacheka.

"Hata nikiwa nimelala chini nakushinda bei," nikamwambia.

"Basi lala hapo hapo, tajiri. Wacha mimi nipakie."

Asiyejua mifugo hataelewa kwa nini walicheka hivyo. Mbuzi hushikwa na ugonjwa unaotoka kwa mbwa. Mdudu huingia ubongoni akajenga kifuko cha maji. Mnyama anainamisha kichwa upande mmoja, anazunguka, anaanguka, na hapati nafuu kamwe. Nimepasua mafuvu ya mbuzi kama hao kwa shoka na nimekiona hicho kifuko, cheupe, ukubwa wa yai la njiwa. Akianza kuzunguka unamchinja jioni hiyo hiyo kabla hajakonda. Na mimi nyumbani nilikuwa na mbwa wanne.

Soko lililofuata nilitazama juu ya lori kuangalia kamba, nikaanguka tena. Mzee mmoja aliyekuwa akiniamini na mbuzi tangu nikiwa kijana akanivuta kando.

"Mwanangu, leo lete pesa mkononi."

"Mzee, tangu lini mimi na wewe tukalipana mkononi?"

"Tangu uanze kuanguka. Ukifa, deni nitamdai nani? Mbwa zako?"

Alipokwisha kusema yeye, wengine wote wakasema. Miaka thelathini ya kuaminiwa ikaisha kwa asubuhi moja, na watu wenyewe ni wale ambao watoto wao walisoma kwa mbuzi niliowauzia.

Nilitafuta dawa, msidhani nilikaa. Mwenye duka la dawa alinidunga sindano ya malaria bila kupima kitu. Nikawa na kizunguzungu na makalio yanayouma. Mwingine alisema ni presha, nikameza vidonge mpaka mkojo ukabadilika rangi. Kanisani mchungaji aliniita mbele, akanishika kidevu, akaniambia niinue uso nitazame mbinguni. Nikainua. Kanisa likazunguka nikaanguka chali kati ya viti, na waumini wakapiga makofi na vigelegele, wakisema nguvu imeshuka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama nimeumia. Sadaka walichukua.

Mimi moyoni nilijua ninachojua. Kifuko. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Nikahesabu watoto waliobaki shuleni, nikaona afadhali niwaachie pesa taslimu kuliko lori ambalo wajomba wangeligombania kabla kaburi halijakauka. Mwenye pesa taslimu alikuwa yule shemasi. Alizunguka lori langu akipiga magurudumu teke, akatikisa kichwa kama anayetazama maiti, akatoa laki moja na themanini.

"Pole sana, ndugu," akasema, funguo zikiwa tayari mfukoni mwake. "Bwana atakupokea."

Nilifika nyumbani kwa miguu. Mke wangu alikuwa anapepeta maharagwe uani.

"Baba, lori liko wapi?"

"Nimeuza."

"Umeuza kwa nini?"

"Niko na kifuko kichwani. Kile cha mbuzi."

Ungo ulianguka. Kwanza alicheka, halafu akakasirika kama sijawahi kumwona. "Umeuza lori kwa sababu ya mbuzi! Mimi nalala na wewe kila siku, mbona hukuniuliza? Ukinigeukia, upande wa kulia, unashika godoro kama mtu anazama. Ukinipa mgongo unakoroma kama trekta. Hicho kifuko chako kinajua upande wa kitanda?"

Nikaokota ungo nikamrudishia.

Kesho yake alinipeleka hospitali moja ya Kitui. Daktari alinisikiliza kidogo, akamsikiliza mke wangu sana, akaandika kikaratasi. Fiziotherapia. Mlango wa mwisho, karibu na jikoni. Nilicheka kwa sauti pale kwenye korido. Pale mahali nilipajua, ndipo waliovunjika miguu wanafundishwa kutembea wakishika vyuma. "Kichwa si goti," nikasema. Mke wangu akafungua mlango akanisukuma.

Ndani kulikuwa na mama mmoja mpana, wa umri wangu, anayejisifu kuliko mimi, na hiyo si kazi rahisi. Aliniambia kabla sijakaa kwamba ametibu wakubwa wa serikali, na kwamba kutoka Mwingi mpaka Makueni hakuna mikono kama yake.

"Mzee, kizunguzungu kinakaa muda gani?"

"Siku nzima," nikasema.

"Nusu dakika," akasema mke wangu. "Akitulia kinaisha. Siku nzima ni hofu."

"Asante, mama. Mzee, umewahi kuona pima maji ya fundi wa nyumba?"

"Nimejenga nyumba ya mawe. Nilimfukuza fundi kwa sababu ya pima maji."

"Basi utaelewa. Ndani ya sikio kuna mirija mitatu yenye maji, kazi yake ni kama hiyo, kuambia ubongo kichwa kimeelekea wapi. Kuna na vijiwe vidogo sana, kama unga wa chumvi, vina chumba chao. Vyako vimetoka huko vimeingia kwenye mrija. Ukiinama au ukigeuka vinabingirika, vinasukuma maji, na ubongo unaambiwa unazunguka, na wewe hata hujasogea. Uligongwa kichwa?"

"Hapana."

"Mlango wa lori ulimpiga nyuma ya sikio akipakia ng'ombe," akasema mke wangu.

"Huo si mlango wa kusema uligonga mtu."

"Wengine hawagongwi hata," yule mama akasema. "Wanazeeka tu."

"Mimi sijazeeka."

"Panda kitandani."

Nilikaa miguu imenyooka. Akashika kichwa changu kwa mikono miwili, akakigeuza kulia, akanilaza chali kwa haraka mpaka kichwa kikaning'inia nje ya kitanda. Dari likakimbia. Nilifunga macho.

"Fumbua! Macho ndiyo nataka."

Nikafumbua. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba mboni zilikuwa zinarukaruka kama za mtu anayesoma maandishi kwenye gari linalopita. Yule mama akafurahi kama mimi ninapopata mafuta kwenye kiuno cha mbuzi. "Ndio hivi vijiwe vyangu," akasema. Vyangu! Akanishikilia hapo hapo mpaka dari likasimama. Akageuza kichwa kushoto, akangoja. Akaniviringisha mwili mzima nikawa natazama sakafu, akangoja, na mimi nikimwambia maneno ambayo shemasi wa Zombe hajawahi kuambiwa. Halafu akaniketisha.

"Umefanya nini?" nikauliza.

"Nimevizungusha mpaka vikarudi chumbani kwao. Bado mara moja."

Akarudia, na safari hii dari lilitikisika kidogo tu. Nikamuuliza basi kifuko je. Mke wangu akaeleza habari ya mbuzi, na yule mama akacheka mpaka akakaa kwenye kitanda changu.

"Mzee, mwenye kitu kama hicho ubongoni haponi kila baada ya nusu dakika, akalala vizuri upande wa pili." Halafu akaacha kucheka. "Lakini sikia. Siku ukiona kitu kimoja viwili, au ulimi uwe mzito, au mkono ulegee, usije kwangu, kimbia kwa daktari. Hiyo ni mambo ingine. Hii ikirudi, na inaweza kurudi, njoo."

Akaniambia nilale nimeegemea mito siku mbili, akanifundisha zoezi la kujiangusha kitandani upande huu na upande ule. Sikuanguka tena.

Lakini kupona hospitalini si kupona sokoni. Nilirudi Ikutha na hakuna aliyenipa hata mkia. Basi nikainama kwa mbuzi mmoja baada ya mwingine, safu nzima, nikataja kilo zao. Nikatazama juu mpaka shingo ikauma. Mwishowe nikalala kwenye vumbi kwa ubavu wa kulia, na suruali yangu ya kanisani, nikajiviringisha kati ya mbuzi huku watu wakisogea.

"Amka, unachafua nguo," akasema yule mzee.

"Unanipa mbuzi, hunipi?"

Akaniangalia nilivyosimama bila kushika kitu. "Chukua saba. Pesa soko lijalo."

Wengine wakafuata, bila haya, kana kwamba hawakunizika juzi. Sasa nikawa na mbuzi wa kujaza lori, na lori la pekee sokoni lilikuwa lile langu, shemasi ameegemea mlango.

"Nirudishie," nikamwambia. "Pesa yako niko nayo."

"Ni laki mbili, sitini na tano."

"Ulilinunua kwa laki moja na themanini, hata mwezi haujaisha!"

"Wakati ule mwenyewe alikuwa anakufa. Sasa mwenyewe amepona, na bei pia imepona. Ama utabeba mbuzi mgongoni?"

Kumbembeleza mtu kama yule siwezi. Niliuza ng'ombe, nikamlipa mbele ya soko zima, nikahesabu polepole ili aone mikono yangu haitetemeki. Watu wakiniuliza kama fiziotherapia ni ghali, nawaambia yule mama wa Kitui alichukua shilingi arobaini. Ukiongeza na faida ya shemasi, kizunguzungu kilinigharimu shilingi elfu themanini na tano na arobaini.