Iodini Kabla ya Nakala

Jumanne, 14 Januari. Upepo mkavu wa kaskazini ulileta vumbi hadi bahari ya Elmina, pwani ya Ghana, haikuonekana dirishani.

Kwa miaka miwili Aba Quansah, fundi wa maabara yetu, alikuwa akitafuta bakteria wa baharini ambaye kimeng'enya chake kingevunja wanga wa muhogo ndani ya maji ya chumvi. Siku hiyo alimwagia iodini kisahani cha wanga. Wanga ukageuka mweusi, isipokuwa duara moja pana lililobaki jeupe kuzunguka kundi dogo la bakteria: hapo wanga ulikuwa umevunjwa.

"Sista Aba, huyu mlafi kanishinda mimi na madonge yangu ya mahindi, kenkey," alisema Ebo, mwenzake. "Nakala yake iko wapi?"

Iodini huua bakteria, kwa hiyo kabla ya kuimwaga, bakteria hunakiliwa kwa kupandwa kwenye kisahani cha pili. Lakini baada ya visahani vingi visivyo na kitu, Aba aliona kunakili ni kazi bure.

"Sikunakili."

"Yaani umemuua mgeni kabla hajataja jina?"

"Ebo, niache."

Alikwangua lile kundi, akalipanda upya.

Asubuhi iliyofuata hakikuota kitu. Alichukua chupa, akarudi ufukweni kuchota tope palepale alipompata yule bakteria.