Siku Kiza Alipomnawisha Inspekteri

Mimi huandika polepole, na haya nimeyaandika polepole zaidi, kwa sababu kila nikifika pale pa choo naona haya na kuiweka kalamu chini; lakini kwa kuwa mtaa wetu wote wa Kataki unausimulia mkasa huu na kuuongezea chumvi, afadhali niusimulie mimi mwenyewe niliyeaibika.

Mdogo wangu Kiza yuko darasa la kwanza na hasemi. Kengele ya shule (kipande cha reli kinachogongwa kwa chuma) ikilia, alikuwa anaziba masikio na kukimbilia ziwani, na jambo lolote likimjia bila kuonyeshwa kwanza, alilia mpaka akatapika. Kwetu hakuna anayejua jina la hali hiyo. Bibi anasema tu kwamba Kiza anasikia kwa macho. Basi mimi, niliyeishia darasa la sita na nisiyeweza kusalimia watu wawili kwa pamoja, nikaanza kumchorea siku yake kwa makala juu ya vipande vya kartoni: bendera, wimbo, kibao cha kuandikia, choo, chakula, nyumbani. Mwalimu wake, Mama Sikujua, akaniruhusu kuvitundika kwenye kamba ukutani, na mimi nikae barazani karibu na dirisha. Kitu kikiisha, Kiza anageuza kartoni yake, anatazama inayofuata, anatulia. Hakukimbia tena.

Direkteri, mkuu wa shule, hakupendezwa. Alisema shule si duka la makartoni, na kwamba siku inspekteri wa kukagua shule atakapokuja, Kiza akileta fujo, asirudi tena. Kwa hiyo niliposikia kwamba inspekteri amefika mjini, niliamua kuongeza kartoni moja tu, ya mgeni, ili Kiza asishtuke. (Moja tu. Laiti ningelala.) Nilichora mtu mnene ameketi, na kwa kuwa nyuso hunishinda, nguvu zote nikazitia kwenye mikono, nikaichora mikubwa, imenyooshwa mbele, nikimaanisha kwamba anasalimia.

Siku ikafika, inspekteri akaketi mbele ya darasa na suti yake ya abakosti iliyopigwa pasi, makaratasi mapajani. Bendera ilipita vizuri, wimbo vilevile. Kiza akaugeuza wimbo, akamkuta mgeni. Akaitazama kartoni kwa muda mrefu, akamtazama inspekteri, halafu akaenda pembeni kwenye mtungi wa maji ya kunywa, akajaza jagi.

Sasa niambieni, kwetu mgeni akiketi na kunyoosha mikono, anataka nini? Anataka kunawa, bukari, ugali wetu, iko njiani. Na anayemwagia maji ni mtoto mdogo wa nyumba, na nyumbani kwetu mtoto huyo ni Kiza, ambaye kazi hiyo anaijua kutushinda sisi sote. Akapiga goti mbele ya inspekteri, akammwagia maji mikononi polepole, kwa heshima zote, yakanawa na makaratasi, ikanawa na suruali. Kisha akaenda kuchota mengine, maana mkono mmoja ulikuwa bado.

Ningebaki barazani yangeishia hapo. Lakini niliruka dirishani (mlango niliuona mbali), kikwembe changu, kitenge nilichojifunga kiunoni, kikanasa kwenye msumari wa kamba, kamba ikakatika, na siku nzima ya Kiza ikaanguka kwenye maji sakafuni. Makala na maji mnajua wenyewe, karibu kila kartoni ikawa giza. Kiza akaona ukuta mtupu, akaziba masikio, akaanza kile kilio chake.

"Mumutoe," direkteri akasema. "Leo njo mwisho wake hapa."

Sikuwa na kartoni nyingine. Basi nikasimama mbele ya Kiza, uso umejaa makala ya zile kartoni, nikawa kartoni mimi mwenyewe. Nilisimama wima kama mlingoti wa bendera, nikageuka nikampa mgongo, yaani hiyo imeisha. Nikafungua mdomo kama ninayeimba, nikageuka. Nikanyoosha mikono kama mgeni, nikageuka haraka. Nikaandika hewani. Mikono ya Kiza ikashuka kidogo, lakini baada ya kibao huja choo, na Kiza hakubali kurukwa kitu. Alinisubiri. Darasa lote lilinisubiri, na direkteri pia.

Nikachuchumaa. Mbele ya sitwayeni inspekteri, kama alivyoitwa kwa heshima, nikashika kikwembe na kuchuchumaa sawasawa, na kwa kuwa mtu wa kwenye kartoni ya choo alikuwa ametokea amekunja uso, na mimi nikakunja.

"Yaya Feza, usitunyie hapa!" mtoto mmoja akasema kutoka nyuma (yaya kwetu ni dada mkubwa), na darasa likapasuka kwa kicheko.

Kiza hakucheka. Lakini alinyamaza, akarudi kwenye benchi lake, akachukua kibao na kuanza kuandika, maana alikuwa ameona kwamba siku yake bado ipo.

Direkteri aliendelea kuuonyesha mlango. Mimi, ambaye sijawahi kumjibu mkubwa, nikasema (nikiwa bado nimechuchumaa, nilisahau kusimama): "Papa Direkteri, Kiza hakukosea. Alisoma ile nilichora. Mimi njo nilichora mubaya."

Inspekteri akaokota kartoni ya mgeni, iliyobakiwa na mikono na tumbo.

"Huyu njo mimi?"

"Ndiyo, Papa."

"Na hili tumbo?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kusimama. Inspekteri akamwambia direkteri kwamba amepita katika madarasa mengi akitafuta mtoto anayefanya kile alichosoma, na leo amemwona, na ameloweshwa naye.

"Abaki," akasema. "Mimi tu musinichore tena."

Tangu siku hiyo situndiki kartoni shuleni kabla Kiza hajaiona nyumbani, nami nikaona atafanya nini nayo. Na mikono mitupu sichori tena maishani, kila mkono lazima ushike kitu. Watoto wa Kataki wakiniona asubuhi wanachuchumaa mstari mzima na kukunja nyuso. Zamani ningezunguka njia ya nyuma ya nyumba. Sasa ninapita katikati yao na kartoni zangu kichwani, kwa sababu ile njia nyingine ni ndefu, na ukuta wa Kiza bado mtupu mpaka nifike.