Ukoo wa Mashine ya Poni

Soko la Ludara lilikuwa na kelele zake zote ila moja. Mbuzi walilia, redio ziliimba, lakini mngurumo wa mashine ya kusaga posho aliyoiacha marehemu mume wa Poni haukusikika. Wanawake wenye makarai ya muhogo mkavu walipofika mlangoni walishusha sauti, kama wapitao penye matanga, kisha wakashika njia ndefu ya Koboko mjini.

Pampu ya kuingiza dizeli kwenye injini yake ilikuwa imekufa. Wahabu, fundi aliyeitwa kutoka Arua, alipigia simu kila duka alijualo, akitaja jina lililochongwa ubavuni mwa injini. Hola. Kiwanda chenyewe kilishafungwa.

"Mama, hii iko mzee," alisema akifuta mikono. "Wenye kuizaa walikufa zamani."

Lemi, mdogo wa marehemu, jibu alikuwa nalo. "Shemeji, kesho nakuja na watu ya kununua chuma chakavu. Wanaipima kilo, wanabeba. Kama iko kulia, lia leo."

"Hata wewe uko mzee, na unakoroma tu," Poni akamjibu. "Nani amekupima kilo?"

Lemi akaenda zake akicheka. Poni akaketi juu ya gunia tupu, akiwaza. Mgeni akifika kwao, jina lake halitoshi. Ataulizwa mama yake katoka wapi, wajomba zake ni akina nani, mpaka ipatikane kamba inayomfunga na wenyeji.

"Wahabu," alisema ghafla, "sisi tunauliza jina ya injini tu. Tuulize ndugu zake."

Akakipiga picha kibati cha injini, akaiuliza simu: injini hii imo ndani ya mashine gani nyingine?

Ndani ya simu, vitu vya dunia vimefungwa kamba na jamaa zao: kipi kilizaliwa kiwanda gani, kimo ndani ya nini, kinalingana na kipi. Simu ikaifuata kamba. Injini ileile iliuzwa pia kwa jina jingine, ndani ya pampu za kumwagilia mashamba, na vipuri vya pampu hizo vinatengenezwa hadi leo.

Wahabu akashika kichwa. "Wallahi! Ziko Arua, kwa Gaspard! Mimi napita pale kila siku!"

Kesho yake asubuhi Poni alikuwa dukani kwa Gaspard, Mkongomani mwenye masharubu.

"Mama, uko na shamba ya kumwagilia?"

"Niko na soko ya kulisha," Poni akajibu, akilipia pampu ya dizeli.

Adhuhuri, gari la chuma chakavu liliingia Ludara, Lemi akiwa amesimama nyuma kama bwana harusi. Wahabu alikuwa anakaza nati ya mwisho. Akazungusha gurudumu. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Wanawake wenye makarai wakasogea mlangoni. Akazungusha tena, na mngurumo ukapasuka mpaka unga wa zamani ukamwagika kutoka darini, ukawafanya wote weupe. Vigelegele!

"Chuma iko wapi?" dereva alipaza sauti. Hakuna aliyemsikia.

Poni akamtwika Lemi karai la muhogo. "Shemeji, umekuja na nguvu. Leta hapa!"

Naye akaleta.

Leo Poni yuko palepale Ludara, anasaga kila siku isipokuwa Jumapili.