Sponji Niliyoitoa Chini ya Boti la Kanisa

Sikuombi uniamini. Wanaojifanya hawaamini nimewazoea: mchana wanacheka, giza likiingia hawaendi chooni peke yao. Haya yalinipata mimi mwenyewe, tena saa nane mchana, jua likiwaka, sijaonja hata bia. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa themanini, nilipokuwa na kibanda cha useremala Gikomba, Nairobi, na chumba kimoja mtaa wa Huruma.

Mchungaji wetu alikuwa mtu wa makuu. Kanisa lenyewe la mabati, mvua ikinyesha humsikii anachohubiri, lakini yeye alitaka watu wabatizwe kwa kuzamishwa mwili mzima. Mto wetu unaujua. Ukimzamisha mtu mle anatoka na dhambi mpya. Basi akasikia kuna boti bovu Naivasha, kwa mzungu aliyekuwa akihama, akapewa bure. Alitaka litengenezwe, lijazwe maji, watu wabatiziwe humo. Nilimcheka mbele ya uso wake na hakuona haya.

Kazi akanipa mimi. Mbao naziheshimu, lakini lile lilikuwa boti la faiba, plastiki ngumu isiyo na mshipa wala harufu ya mti. Wanaume wanane waliliteremsha kwenye lori wakihema, na urefu wake haukuzidi vitanda viwili. Nilipong'oa sakafu ndipo nikaona sababu. Chini kote palikuwa pamejazwa sponji ya manjano, ile ngumu inayowekwa ili boti lisizame, nayo ilikuwa imekunywa maji miaka nenda miaka rudi. Nikaichimba kwa patasi na mtaimbo. Kila kipande kilitoka kizito kama nyama, kikinuka tope. Nilivirundika nje, maji yakatiririka hadi kwa wauza mitumba, wakanitukana, nami nikawarudishia.

Siku ya tatu, nikiwa nimepiga magoti ndani ya boti, nikasikia mtu akibisha ubavuni mwake, taratibu, kama anayepiga hodi mlangoni. Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa ovaroli, ameloa chapa chapa kuanzia kichwani. Niamini, wiki ile hata tone moja la mvua halikuwa limeanguka Nairobi. Unadhani nilishtuka? Nilimdharau. Nikajiambia, huyu kalewa chang'aa akaanguka mtoni.

"Fundi, hiyo sponji unaitoa yote?"

"Kwani unaona nikiipaka siagi?"

Hakucheka. "Utarudisha nyingine kavu?"

Nikamwambia nitajaza maranda, kwa sababu kibanda kilikuwa kimejaa maganda ya mbao nilizopiga randa, kisha nipigilie plaiwudi juu. Boti haliendi ziwani, linakaa kanisani. Sponji ya nini?

"Ndiyo inayobeba sakafu," akasema. "Maranda yataloa, yatashuka, chini patabaki wazi. Usipaache wazi, fundi. Watu watasimama hapo."

"Wewe ni fundi wa maboti?"

"La. Mimi nilikuwa abiria."

Nikamuuliza kama akili pia aliiacha huko mtoni. Alinitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniudhi. Mlevi anihurumie mimi? Nikaokota kipande cha sponji nikamtupia kifuani. Sasa sikiliza. Hakikudunda wala kuanguka. Kiliingia kifuani mwake kama mkate kwenye chai, kisha maji yakamwagika pwaa pale aliposimama, na yeye hakuwepo.

Mtu mwenye akili angeacha kazi. Mimi nilikaa chini nikatetemeka, halafu nikaona aibu ya kutetemeka, na aibu ikashinda. Nibadilishe kazi yangu kwa sababu mzuka kasema? Nikajaza maranda, nikapigilia plaiwudi, nikapaka rangi ya buluu. Lilipendeza. Sikumwambia mtu yeyote.

Ijumaa jioni mke wangu akaniambia, "Baba Ndinda, Jumapili mimi ndiye wa kwanza kuzamishwa. Ni kazi ya mkono wako, nani mwingine aanze?"

Nikamwambia awaachie wengine watangulie. Akauliza kwa nini. Nikasema basi tu. Akanicheka, akaenda kupiga pasi kanzu yake nyeupe. Ningeweza kusema pale pale. Kuna watu wengi niliowadharau maishani, lakini hakuna niliyemdharau kama yule mwanamume aliyekaa kitandani akimtazama mkewe akipiga pasi, na kunyamaza.

Jumapili boti lilijazwa maji tangu alfajiri. Mama Ndinda akaingia, mchungaji akamshika mgongo, akamlaza nyuma. Nikasikia plaiwudi ikikatika. Mguu wa kushoto ukazama hadi pajani, na kichwa chake kikabaki chini ya maji. Mchungaji, mtu wa Mungu, alimwachilia akaruka nje kama paka.

Nikajitupa ndani. Nilivuta mabega, hayaji. Nikapitisha mkono kwenye lile tundu kuutafuta mguu: plaiwudi iliyokatika ilikuwa imembana paja, lakini mguu haukuwa umezama kwenye maranda. Ulikuwa umesimama juu ya kiganja cha mtu. Kiganja baridi, kipana, kinamsukuma juu kwa nguvu zake zote. Nilipoushika mguu, kiganja kikaniachia polepole, kama mtu anayekabidhi mzigo. Mke wangu akatoka akikohoa maji.

Jumatatu mchungaji alikiri kwamba mfanyakazi wa yule mzungu alikuwa amezama kutoka kwenye boti lile. Alijua tangu mwanzo. Kwani bure hutoka wapi? Akajitolea kuniombea. Nilimwambia ajiombee mwenyewe.

Usiku huo Mama Ndinda aliniambia kuna mtu aliyemshika unyayo kule chini. Ndipo nikamweleza yote, ovaroli, maonyo, maranda.

"Kwa hiyo," akasema, "maiti alinijali kuliko wewe."

Hakuniacha. Bado ananipikia, na wajukuu tumepata. Lakini hadi leo, nikitengeneza kiti au kitanda, yeye hukibonyeza kwanza kwa mkono, mara mbili, mara tatu, ndipo akae. Hufanya hivyo mbele ya wageni, nami hutazama pembeni.

Nawe unayenicheka, cheka. Ila mtu akija kukuuliza juu ya kazi yako, hata akiwa mlevi, hata akiwa maji matupu, mjibu kwa adabu. Na kama kuna mahali ulipoficha ubovu na mtu wako anakaribia kupakanyaga, mwambie kabla hajavua viatu.