Dawa Iliyobaki Chupani

Wanafunzi wa maabara walimwita Mama Chupa, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akiosha na kujaza chupa za panya, na hakuna aliyeijua kiu ya panya kumzidi.

Safari hii daktari mkuu wa maabara alikuwa na dawa mpya ya presha. Panya ishirini na wanne walinyweshwa maji ya chumvi mpaka presha ikapanda, kisha kumi na wawili wakaanza kutiliwa dawa humo humo kwenye maji. Kila asubuhi Mama Chupa aliwafunga mkanda mdogo mkiani, akangoja watulie, akasoma kipimo. Presha ya wale wa dawa ikaanza kushuka. Daktari akawa anatembea kwa madaha.

Mama Chupa hakuyaona madaha hayo ya maana. Siku ya tatu tu alikuta chupa za dawa zimebaki zaidi ya nusu. Akachovya kidole, akaonja: chungu, haimezeki. Panya naye si mjinga. Asipokunywa maji, dawa haipati, na chumvi nayo haipati. Presha itaachaje kushuka?

"Daktari, hawa hawanywi."

"Mama, wewe tujazie chupa. Hesabu tuachie sisi."

Wiki iliyofuata akarudia, akaambiwa daktari ana kikao. Akarudia tena, akaambiwa anaingilia kazi za watu. Nyumbani mumewe naye akamwambia, "Wamekuajiri mikono, mke wangu, si mdomo." Mama Chupa akasukuma sahani kando. Hakuwa akitafuta sifa. Jaribio likiisha panya huuawa ili wapasuliwe, na mikono inayowaua ni hiyo hiyo yake. Hakutaka kuwaua hawa bure.

Wiki ya tano akaja mkaguzi wa utafiti, akauliza swali moja tu: panya wa dawa wamekunywa maji kiasi gani? Daktari akapekua daftari lote, hakuikuta hesabu hiyo.

Mkaguzi alipoondoka, daktari akamwita Mama Chupa pembeni. "Jaribio limeharibika. Hawa uwamalize leo, tutaagiza wengine, na dawa tutawapa kwa mrija." Akapangusa miwani. "Lakini mama, umeshinda nao siku zote hizi. Kwa nini hukusema?"

Mama Chupa akatafuta tusi la kumfaa, akalipata, akalimeza. Akavaa glavu, akafungua kizimba. Panya wa kwanza akamjia mwenyewe mkononi, maana alidhani anakwenda kupimwa.