Pete Yangu ya Kose

Haiko uongo, Sifa! Umeandika mu groupe yetu ya simu eti naongeza chumvi, eti hakuna mutoto wa kambi ya Nakivale aliyevaa chuma ya batri ku kidole. Basi ngoja, na bale tulikulia nabo pamoja basome, banipe haki yangu.

Wakati wetu hatukununuliwaka bitu ya kuchezea, tuliokotaka. Nyuma ya kibanda ya Papa Eliya, ule aliyechajishaka batu simu kwa sola, kulikuwa batri zilizokufa, na ku waya zake kulibaki kose: kale kachuma keupe kenye tundu, kanafungiwaka na bulo, ile skrubu nene, ju umeme upite. Kaling'aa! Siye tukasema ni feza. Kumbe ni shaba, imepakwa bati juu tu. Tundu ilienea kidole ya mutoto sawasawa, na ule mukia wa kuingiza waya ulilala ku mukono kama mujusi anaota jua.

Tulikuwa batatu: wewe, Furaha na mimi, kila mutu na kose yake ku kidole. Siku moja kisha masomo, midomo ingali na mafuta ya mboga ya sombe, tukaapa ku bomba ya maji, bidon zetu zikiwa mu foleni: mwenye atatoa pete, ametoa na urafiki. Batoto ba leo banaapa kwa kubonyeza simu, jioni bamefutana. Siye tuliapa kwa chuma, bwana!

Na mimi nikaamini. Njo shida yangu mpaka leo, nikishika kitu sina breki. Nililala nayo, nilisonga nayo bugali, nililima nayo maharagi. Bati ikatoka polepole, shaba ikajitokeza, kidole ikakuwa rangi ya majani. Mama akasimama mbele ya kanisa nzima, akaomba baniombee ju ya ugonjwa. Mimi kifua mbele, kama mutu anateseka kwa ajili ya imani.

Kisha kidole ikavimba. Sabuni ikashindwa, mawese ikashindwa. Mama akanivuta mpaka kwa Papa Eliya, naye akatoa musumeno wa chuma.

"Mama Riziki, tukichelewa hii kidole itaoza."

"Kata, Papa."

"Mukate mukono nzima!" nikapiga kelele. "Sitoi! Niliapa!"

Na nikamuluma. Ndiyo, nilimuluma Papa Eliya, mutu muzima na ndevu zake, mwenye hakunikosea kitu.

Mama akatuma bakuite, Sifa, ju ni wewe tu nilikuwa nasikilizaka. Ukafika mbio, matope ku miguu. Nikainua kidole kama askari anaonyesha kidonda.

"Ona! Sijaitoa!"

Ukaniangalia. "Ungali nayo?"

Nikaangalia mikono yako. Mitupu.

"Na yako iko wapi?"

"Aah, Riziki. Ilikuwa inanisumbua kuosha sahani. Furaha naye alitupaka yake mu choo, zamani."

Papa Eliya alicheka mpaka musumeno ikamuanguka. Kisha akakata ile pete, musumeno ikaniachia kovu, na mimi sikubisha tena.

Leo nafunga sola za batu huku Kakoba. Hakuna aliyenifundisha, nilijua kwa kuunguza bitu. Kose niko nazo pakiti mingi, mupya, nyeupe, na kila nikikaza moja nagusa kidole yangu bila kutaka. Bijana ninaofanya nabo kazi bananiuliza hii kovu ilitoka fasi gani. Nasema ni mashine.

Zamani kachuma ka takataka kalitosha kutufunga batatu. Leo tuko groupe moja, batu mingi, na hakuna mwenye anajua kama mwenzake amekula. Furaha iko na duka yake Kabingo, anapitisha siku mingi bila kujibu. Wewe ulipanda ndege kuhamia ngambo, na siku ile nilikimbia nyuma ya basi yenu ya kwenda uwanja wa ndege nikilia, na kidole yenye kovu hewani, bangine banazani nasimamisha boda.

Na wewe mwingine unayesoma unacheka, ile pete yako uliapa kutotoa ukiwa mutoto, uliitoa lini?