Waliosikia Nduru

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa Januari ile ya elfu mbili na nane, baada ya kura kuharibika na makabila kugeukiana. Nilikuwa msichana mbichi bado, mtoto wa kwanza mgongoni, nimepanga chumba kimoja mjini, mtaa wa Kaptembwo.

Mimi ni mzaliwa wa Keringet, mashambani, ambako kila mtu hujenga katikati ya shamba lake. Kuomba chumvi kwa jirani ni safari. Lakini tulikuwa na desturi: ukisikia nduru, ule ukelele wa kuomba msaada, nawe unapiga nduru, kisha unakimbia kule ilikotoka. Inaruka boma hadi boma mpaka kilima kizima kinafika mlangoni pako.

Kaptembwo, mwanangu, ni ploti. Vyumba vinatazamana, bomba moja, geti moja, na jirani akikohoa unampa pole ukiwa kitandani kwako. Nikawacheka wazee wetu wanaoishi mbali mbali kama watu waliokosana. Si tunaambiwa fimbo ya mbali haiui nyoka?

Basi asubuhi hiyo vijana wakaingia getini wakiulizia watu wa kabila langu. Wakaupiga mlango wangu mateke. Nikapiga nduru ya kwetu, ile ya kutoka tumboni. Hakuna aliyetoka. Chumba cha pili aliishi Mama Kevo, rafiki yangu wa kusukana nywele, na nilimsikia kwa masikio yangu akiongeza sauti ya redio. Niliduwaa, mwanangu. Hata sasa nikisimulia naduwaa.

Aliyetoka ni Bi Zulekha peke yake, ajuza mwenye asili ya pwani aliyeuza mahamri pale getini. Akasimama mbele ya mlango wangu.

"Mwamtaka nani?"

"Mathe, rudi kwa nyumba. Hii haikuhusu."

"Yanihusu. Nawe nakujua, mamako hununua mahamri kwangu. Nimwite aje akuone?"

Kijana akatazama chini. Wakaondoka wakitusi, wakisema jioni wasinipate. Ndipo Bi Zulekha akagonga milango yote, na watu wakatoka wakijikunyata.

"Tuliogopa," Mama Kevo akasema.

"Kuogopa naelewa. Redio je, uliiongeza sauti ya nini?" Bi Zulekha akamuuliza.

Mama Kevo akaingia ndani kuizima.

Mchana huo Bi Zulekha akanisindikiza mpaka kituo cha polisi, nikapata lori la kwenda nyumbani Keringet. Njia nzima nilijiambia: sasa naenda kwa watu. Kumbe! Ng'ambo ya kijito chetu aliishi mzee mmoja wa kabila la kina Mama Kevo, yule aliyempeleka mama hospitali kwa trekta yake siku niliyozaliwa. Nyumba yake ilikuwa majivu, imechomwa na vijana wa kwetu.

Nikamuuliza baba, "Hakupiga nduru?"

"Alipiga," baba akasema, akaendelea kukamua ng'ombe.

Mwanangu, sikukatazi shamba wala ploti. Kujenga mbali si uadui, na kubanana si undugu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Popote utakapohamia, kabla ya kuulizia maji na stima, uliza watu wa hapo wakisikia nduru hufanya nini. Kisha ujiulize mwenyewe: ikilia ya mtu asiye wa kwenu, utatoka?

Mungu akujalie majirani wenye masikio. Nawe, siku mwenzako atakapolia, akupe miguu ya kutoka nje. Amina.